Shikamoo Moja ya Wiki Nzima

Jumatatu, 13 Novemba 2023
Asubuhi ya mawingu, joto, mvua haijaamua. Mafua yamenibana. Jana mama mkwe alipiga simu kutoka Usoke: cherehani yake atampa mkwe anayemsalimia kila siku. Wakwe tuko wawili. Recheli, mke wa shemeji, anaishi uani kwake na humpigia magoti kila asubuhi. Mimi niko mbali, Chemchem mjini. Lakini nina simu. Nimerekodi shikamoo ndefu, nikauliza hali, mvua na kuku. Nilikohoa kabla ya kuku. Nimeituma hivyohivyo.

Jumanne, 14 Novemba
Upepo. Nimetuma ileile. Juu panaandikwa kwamba ujumbe umesambazwa, ila mama husikiliza tu, hasomi. Akaitikia marahaba, akauliza nakunywa dawa gani. Sijajibu. Shikamoo ya kesho iko tayari.

Alhamisi, 16 Novemba
Jua kali. Mafua yameisha tangu jana. Ileile tena, na mashangazi wa Urambo nao wamepata. Recheli atachubuka magoti bure. Simu imelia kutwa kwa marahaba zao, na mchana nimekula peke yangu nikitazama ukuta. Nilimwandikia hivyo Nikolaus, mume wangu, aliyeko Kigoma kikazi. Akanijibu kwa picha ya dole gumba.

Ijumaa, 17 Novemba
Manyunyu. Hodi mlangoni. Mama mkwe! Kapanda treni na kuku, asali na majani ya kufukiza. Anasema siku nne mfululizo nakohoa palepale, kabla ya kuku, na kikohozi chenye ratiba ni kibaya sana. Nikakohoa.

Jumapili, 19 Novemba
Mawingu. Nimefukizwa chini ya blanketi, mzima wa afya. Baadaye tukala ugali na mlenda, akanisimulia Nikolaus alivyowakimbia bata akiwa mkubwa tayari. Sijacheka hivyo tangu Pasaka. Nikalala mchana kama mtoto. Nilipoamka akaniambia kwa huruma kwamba cherehani ameshampa Recheli. Mtu wa kifua, mwanangu, hakanyagi cherehani.

Jumatatu, 20 Novemba
Mvua kubwa tangu alfajiri. Mama ameondoka, nyumba imepwaya. Kanisihi nikipata nafuu niende, tukae tu. Kituoni akataja kabati lake la vyombo, bado halina mtu. Nimetafakari kosa langu. Ni kikohozi. Nimerekodi shikamoo mpya, sauti ya afya kabisa. Nyuma mvua inapiga bati, lakini nani atajali? Itanifikisha hadi kiangazi.

Nalala, saa tatu na robo usiku.