Komando Radi na Haki za Mtani

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemwona Komando Radi! Yuko hapahapa Tegeta, nyumba ya nne kutoka kwangu, kwenye shelfu ya tivii ya Edgar. Nilikwenda kikao cha kamati ya kipaimara cha binti yake. Sikusikia ajenda hata moja.

Kwa kumbukumbu: Komando Radi ni mdoli wa plastiki, kijani, urefu wa kiganja. Magoti yanakunjika, mikono inazunguka. Mjomba wa Edgar, baharia, alimleta mwaka 1990, tukiwa watoto wa kota za magereza Ukonga. Sisi wengine tulichezea vifuniko vya soda. Edgar alituazima Komando kwa kuhesabu. Ukifika mia, unarudisha.

Nikaomba nimshike. Edgar, mbele ya kamati nzima, akasema, "Shika, mtani. Ila uhesabu."

Wakacheka. Nina miaka arobaini na tatu. Mimi ni naibu mkuu wa masijala. Nilihesabu. Nilipofika sitini na mbili chakula kikawa tayari, nikanyang'anywa. Imeniuma, sifichi. Huyu mdoli lazima awe wangu.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango wa kwanza: kubadilishana. Kabatini nina midoli ishirini na tatu, yote ya mitumba, niliyochagua mmojammoja kwenye rundo sokoni. Kabati lenyewe mke wangu Auleria alilitaka kwa vyombo vya wageni. Vyombo viko chini ya kitanda. Vimetulia tu huko.

Nimempelekea Edgar watatu bora: roboti, mwanamieleka, na askari mwenye kichwa cha sungura (kichwa si chake). Alimtazama sungura kwa muda mrefu. Akakataa. Akasema kwa kuwa mimi ni Mpare, na Wapare kwa kesi hawajambo, nikafungue kesi.

Nimerudi nyumbani nikaandika barua kwa serikali ya mtaa. YAH: MADAI YA MDOLI. Kurasa mbili na kiambatanisho. Auleria ameisoma yote. Ameuliza kwa nini nisimwombe tu Edgar anipe. Nimemweleza kwamba kuomba ni kwa watu wasio na mipango.

Jumatano, 10 Septemba

Msiba kwa Edgar. Baba yake mdogo, aliyekuwa akitibiwa hapo kwake, amefariki alfajiri. Miaka tisini na moja. Mzee mtu wa watu. Tumesikitika sana.

Saa sita mchana, nikiwa ofisini, nikakumbuka: utani! Mimi Mpare, wao Wachaga. Msibani mtani hakasirikiwi. Anaweza kuzuia jeneza na kudai anachotaka, na wafiwa lazima wamkomboe. Barua nimeichana. Nikaomba ruhusa, nikaenda moja kwa moja msibani.

Nimepewa kazi ya kufuata maturubai na viti. Niliporudi, sebule ilikuwa tupu kama ilivyo desturi: makochi, meza, shelfu, vyote vimetolewa, magodoro yametandikwa, kina mama wamekaa. Komando hayupo. Edgar si mjinga. Kamfungia chumbani.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimelala msibani na wanaume wenzangu, chini ya turubai. Mbu wa Tegeta hawajui msiba.

Asubuhi nimeingia chumbani kwa Edgar kufanya upelelezi. Mkewe, Jenipher, amenikuta chini ya kitanda, miguu nje. Nikamwambia nasali. Akauliza kwa nini nasali na tochi. Kufikia saa nne kina mama wote walikuwa na habari. Mmoja nisiyemjua ameniongezea uji, akaniambia kila mtu ana namna yake ya kuomboleza. Nikanywa. Nyumbani sijaenda, naogopa kupitwa na jambo.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya safari. Ibada ilipokwisha, gari la kupeleka mwili Moshi likawashwa. Nikalala mbele ya tairi, na suti yangu ileile niliyotoka nayo ofisini Jumatano.

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. Msemaji wa familia akanipa elfu kumi. Nikakataa. Mpare amekataa hela! Akapandisha ishirini. Akaongeza kreti ya soda. Nikatamka kwa sauti kwamba siondoki mpaka nipewe Komando Radi, awe wangu kabisa.

Mama yake Edgar, aliyekuja kutoka Ukonga, alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Akasema shemeji yake, marehemu, angelifurahia jambo hili. Akamwamuru mwanawe anipe. Edgar akainama dirishani mwa gari.

"Mchukue, mtani, ni wako. Lakini si yuko kwako? Shelfu tuliileta kwenu tangu juzi."

Nikainuka. Gari likaondoka.

Ni kweli. Vyombo vya Edgar viligawanywa kwa majirani nilipofuata viti, na shelfu ikaja sebuleni kwangu, pamoja na watoto tisa wa wafiwa kutoka Temeke waliokabidhiwa kwa Auleria. Usiku mbili nimeliwa na mbu kwa ajili ya mtu aliyelala kwangu!

Nimekimbia nyumbani. Shelfu ipo. Komando hayupo. Auleria, akichambua mchele, akaeleza kwamba watoto walicheza msiba. Komando alikuwa marehemu. Midoli yangu ilikuwa waombolezaji. Ibada ilikuwa nzuri, amesema, na fupi. Wakamzika uani kwenye boksi la sabuni. Uani wapi? Hajui, alikuwa jikoni. Watoto wamekwenda zao asubuhi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimechimba tangu saa kumi na mbili. Nimepata kijiko, kandambili moja na betri tatu. Saa tano nimepata bomba la maji. Limepasuka. Majirani wamekuja na ndoo, wakanishukuru. Mchicha wa Auleria unaelea. Haongei nami.

Jumatatu, 15 Septemba

Jana fundi bomba. Leo Edgar amerudi kutoka Moshi. Ameutazama uwanja wangu, akauliza kama tunajenga. Nikamweleza. Akachukua simu, akampigia binamu yake wa Temeke, akaomba kuongea na binti yake wa miaka saba. Mtoto akasema: chini ya mpapai, kichwa kimeelekea getini ili aone wageni. Dakika mbili! Mimi sikufikiria simu.

Komando alikuwa mzima. Walimvika sanda, yaani tai yangu ya ofisini. Nikamshika mpaka kiganja kikaloa jasho.

Edgar akaniambia, "Nilimtoa kwenye sanduku la mama kwa ajili yako, mtani. Nilikuwa nasubiri uniombe tu."

Alikuwa anakumbuka nilivyolia siku tulipohama kota. Nilijisikia vibaya, kama dakika moja hivi. Halafu akataja kwamba mama yake amebaki na yule mwingine, Jenerali Chui, adui wa Komando, mwenye upanga. Amemweka juu ya redio. Anampenda sana, hamgawi ovyo.

Jumanne, 16 Septemba

Sijalala. Komando kabatini peke yake, bila adui, hana kazi ya kufanya.

Auleria ameanza kuongea nami. Ameshauri nimpigie mama yake Edgar, nimwamkie, nimwombe Jenerali. Amesema ni jambo jepesi. Hilo ndilo tatizo lake.

Badala yake nimepita kwa Edgar kuulizia afya ya mama. Ana miaka mingapi sasa? Presha inaendeleaje? Edgar ameguswa mno, amenishika bega. Amesema ana themanini na moja, presha imeshuka, na daktari amefurahi naye. Nikasema tumshukuru Mungu.

Suti ya msibani nimeipeleka kwa dobi. Nimemwambia aifue taratibu, sina haraka nayo.