Maharagwe Meusi ya Bi. Mudge

Jumanne, 1 Oktoba 1751. Annapolis
Nimekataliwa! Mabwana wa chama kinachokutana ghorofani, kwenye baa ya Bi. Mudge, wamenipigia kura. Kila mmoja hutia kofiani haragwe kutoka jikoni kwa Bi. Mudge: jeupe kukubali, jeusi kukataa. Jeusi moja tu linatosha. Nimepata moja. Nimerudi kukaa chini na mabaharia, wanaoniita Bwana Nywele kwa sababu nashona mawigi. Aibu tupu. Mwenyekiti, Daktari Pell, kasema nitapigiwa kura tena Jumanne ijayo, pamoja na Crake. Crake! Fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mawigi yake yananuka mbuzi!

Alhamisi, 3 Oktoba
Nimepata akili. Pasipo haragwe jeusi, nani atanikataa? Nimemsifia Bi. Mudge mchuzi wake wa kaa mpaka akaenda kuniongezea. Alipogeuka tu, nikakomba mtungi wake wote wa meusi. Ya dukani nimeyanunua yote. Nyumbani siwezi kuyaacha, mke wangu atayapika. Nimeyajaza kwenye mifuko ya koti.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimeingia! Meupe matupu! Nimepewa kiti karibu na moto. Bakuli la ramu na ndimu limenifikia wa tatu. Daktari Pell kaniita ndugu. Nusura nilie.

Kisha likaja jina la Crake, na sasa nami nina kura. Nilishindwa kujizuia. Mkono mfukoni, haragwe kofiani.

Daktari akamwaga kofia mezani. Meupe kumi na moja, jeusi moja. Bi. Mudge akaitwa, akaapa kwamba jikoni kwake hakuna jeusi hata moja tangu Alhamisi, tena anamtafuta mwizi. Akanitazama. "Bwana Thrupp, mbona koti lako lina mimba?"

Nikaambiwa nisimame. Nikasimama. Mfuko ukapasuka!

Wakapiga kura ya kunifukuza papo hapo. Kila bwana akainama, akaokota jeusi lake sakafuni. Crake wamemkubali. Wamempa kiti changu.

Jumatano, 9 Oktoba
Sikulala. Nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona: uzi mbovu. Nimemwambia mke wangu aishone upya mifuko yote, mara mbili.

Kuna chama cha wapenda muziki kinachokutana baa ya Bwana Tull. Nao hupiga kura kwa maharagwe. Kesho naenda kumsifia mchuzi wake.