Uyoga wa Porini na Anga Yenye Mpini

Jumatatu, 3 Mei
Hatimaye! Chama chetu cha wapiga picha kimeniteua jaji wa shindano la picha za uyoga wa porini. Wamesema nina jicho. Wamechelewa tu kuliona. Picha bora itatundikwa ukumbi wa maktaba. Jirani yangu, Bwana Flashi, mpiga picha za harusi, amenipongeza huku uso umemshuka. Kasoro moja: jaji haruhusiwi kushindana. Tutaona.

Jumatano, 5 Mei
Nimezunguka porini asubuhi nzima. Nimeambulia upupu. Narudi, naingia bafuni kujikuna: uyoga! Umechipua chini ya fremu ya mlango, palepale mke wangu anapolalamika kila siku kwamba pameoza, nipatengeneze. Ningemsikiliza, leo ningekuwa mikono mitupu! Nimelala kifudifudi sakafuni. Nimenyunyiza maji, umande huo. Picha kali! Shemeji, kaka wa mke wangu, ataipeleka kwa jina lake. Ameuliza kama siku hizi porini kuna vigae. Nimemwambia afunge domo lake.

Jumamosi, 8 Mei
Ukumbi umefurika. Ya Bwana Flashi nimeikata alama: uyoga umekaa katikati kama bibi harusi. Ilikuwa nzuri mno, ila hiyo si kazi yangu kuisema.

Ikaja ya shemeji. Nikasimama. Nikawaonyesha ukingo wa kofia ulivyotulia, mikunjo ya chini inavyohesabika, nyuma kulivyofifia kwa ustadi. Nikasema mpiga picha huyu ametambaa msitu mnene, roho mkononi. Machozi yalinilengalenga, nilijivunia kijana huyo.

Bwana Flashi akauliza lile doa la buluu kule nyuma ni nini. Nikamjibu kwa upole kwamba ni anga. Mke wangu akainuka, akasema anga hiyo ina mpini, ni kopo lake la kuogea, na kwa kuwa watu wamekusanyika, angependa kujua mlango wa bafu utatengenezwa lini. Watu hawakuwa na mbavu. Shemeji alinitaja hata kabla ya kuulizwa. Nimevuliwa ujaji palepale, na maktaba imemchukua bibi harusi wa Flashi.

Jumapili, 9 Mei
Nimetafakari. Hakuna aliyesema picha ni mbaya. Hata mmoja! Wamesema kopo tu.

Mke wangu kaleta fundi. Nimemfukuza. Bafu nimelitia kufuli, maana kuna vichwa vipya vinachungulia. Mke wangu ameenda kuoga kwa mke wa Bwana Flashi, akarudi ananukia sabuni, akatangaza kwamba bafu lao halina uyoga hata wa dawa.

Nimemwonea Flashi huruma. Kamera ya bei mbaya vile, na nyumbani hana cha kupiga! Mwakani picha itakwenda kwa jina la mama mkwe. Kopo nimeshalitoa.