Ufagio wa Mishipa

Mjini walimwita Kinanda, kwa sababu akifungua kinywa hata mwenye haraka zake husimama kusikiliza. Asubuhi hiyo alikuwa amejibanza kwenye benchi nje ya kliniki ya moyo, akimkwepa mteja aliyeuziwa naye saa isiyotembea, ndipo riziki ikaja ikaketi ubavuni mwake. Ilikuja kwa umbo la muuza nyama mstaafu, mwili jumba, ambaye moyo ulimkaba majuzi nusura umzike. Mkewe, mshonaji na mkodishaji wa magauni ya harusi, alikumbatia mfuko wa dawa.

"Lehemu bado iko juu," mke alilalama. "Daktari kasema mafuta hayo yakiziba tena mishipa, safari hii huenda tusiwahi. Na vidonge hutaki!"

"Mtu mzima nibugie vidonge kila jioni, halafu nyama nisile? Bora ningekwenda siku ile nikapumzika."

Kinanda alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye habari njema.

"Shikamoo, mzee. Samahani kuwaingilia. Bomba likiziba, huliimbii nyimbo. Unatafuta ufagio."

Kesho yake alibisha hodi nyumbani kwao na chupa ya maji mekundu: maua ya rosela yaliyochemshwa na tangawizi, na chumvi kidogo ili iwe na ladha ya dawa. Akaiweka mezani kwa mikono miwili, kama anayelaza mtoto. "Ufagio wa Mishipa," akatangaza.

Hapa tumpe mtu haki yake. Laghai mjinga humwambia mgonjwa atupe dawa za hospitali. Mgonjwa akifa, biashara nayo huzikwa. Kinanda hakuwa mjinga. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: hospitali itibu, yeye avune sifa na malipo.

"Lakini ufagio una masharti," alisema, akishusha sauti. "Vidonge vya hospitali kila jioni, bila kuruka. Nyama ya mafuta, mwiko. Kila asubuhi kutembea. Ukivunja sharti moja, ufagio unageuka, unasukuma taka zote moyoni."

Muuza nyama, aliyewabishia madaktari mpaka wakachoka, alimeza mate. "Hata ubavu mmoja?"

"Hata kuunusa."

Mke aliinamisha kichwa. Akaenda kwenye kabati la vioo, akarudi na mkufu mnene wa manjano uliomfanya Kinanda asahau kupumua. "Sina kitu cha thamani kupita huu," alisema. "Vipimo vikirudi vizuri, ni wako."

Tangu azaliwe, Kinanda hakuwahi kutoka jasho namna ile. Mzee akifa, mkufu umekwenda! Alfajiri alikuwa mlangoni, akimtembeza mteja wake vichochoroni huku viatu vyake mwenyewe vikiachama. Jioni alisimamia umezaji: "Fungua mdomo, mzee. Inua ulimi. Haya, Mungu akubariki." Siku moja alimfuma nyuma ya kibanda cha jirani na ubavu wa kukaanga mkononi. Alimpokonya na, kwa usalama wa mgonjwa, akaula mwenyewe palepale.

Miezi miwili baadaye vipimo viliporudi, daktari alitabasamu. Lehemu ilikuwa imeshuka vizuri. Muuza nyama alimkumbatia Kinanda mpaka mbavu zikalia, na mke akamvisha mkufu.

Sonara aliusugua kidogo tu, akaanza kucheka. "Bwana, huu ni wa kukodisha, huvalishwa maharusi. Shaba iliyopakwa rangi."

Kinanda alirudi mbio, povu mdomoni. Mzee alikuwa matembezini. Mkewe, mama mwenye nyumba, alikuwa kwenye cherehani.

"Mama, umenitapeli!"

"Karibu, mwanangu. Keti, kuna chai."

"Mkufu ni shaba!"

"Na ufagio ni rosela. Niliuonja siku ya kwanza. Hata sukari ulinibania."

Kinanda alivuta kigoda, akaketi.

"Ulijua? Mbona ukanyamaza?"

Mama aliacha cherehani. "Vidonge alikuwa anavifukia kwenye chungu cha maua. Nimelia, watoto wamelia, wauguzi wamemweleza kwa upole. Wapi! Wewe ulipotaja masharti, nikasema moyoni, mwongo huyu anasema yaleyale ya daktari, ila yeye anaaminiwa." Akanyoosha kitambaa. "Nilikuwa nalala macho, nasikiliza kama bado anapumua. Siku hizi napata usingizi kama mtu."

Kinanda alijaribu kuikamata hasira yake, ikamponyoka. Kumbe matembezi yote yale, alfajiri zote zile, alikuwa ameajiriwa na hakujua!

"Umeniuzia maji mekundu, nami nimekulipa shaba," mama alisema. "Kitu halisi katika biashara yetu ni mume wangu tu, na huyo sikupi."

Kicheko kilimtoka Kinanda bila ruhusa yake. Mama akammiminia chai.

"Shemeji yangu naye katoka hospitali kwa moyo huohuo," alisema. "Kichwa jiwe, dawa hataki hata kuziona. Dada yangu ana bangili nzuri, nzito kwelikweli."

"Za dhahabu?"

"Za dada yangu," mama akajibu, akikata uzi kwa meno.

Kinanda alijikuna shingo. Alimaliza chai yake, akafuta midomo, akauliza nyumba iko upande gani.