Taa Zisizodanganya

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimeangalia dari. Miaka kumi na tisa napanga almasi za tajiri wetu, Sheth Nagji, kwa rangi, hapa hapa mtaani Varachha, na sijawahi kuangalia dari! Mirija ya taa ishirini na minne. Ile mirefu ya zamani, inayopepesa kabla ya kuwaka, kisha inanguruma kutwa. Nikajiuliza nani anayemmalizia Sheth umeme wake. Jibu lilikuwa juu ya kichwa changu.

Hapo wazo likaja. Odhavbapa, mkuu wa meza ya rangi, anastaafu Diwali hii, sikukuu yetu ya taa. Kiti chake tunakitaka wawili: mimi na Kanubhai. Kanubhai ana jicho zuri, nakubali. Lakini ndiyo hivyo, jicho tu. Mimi nina akili.

Nikamwendea Sheth akinywa chai kwenye kisahani. Nikamwambia naweza kuibadilisha mirija yote iwe ya LED, kwa mkono wangu mwenyewe, bila fundi. Akapuliza chai. Akasema sawa, ila mnunuzi kutoka Mumbai anakuja Jumanne ijayo na kazi isisimame. Akaongeza kwamba siku hiyohiyo atamtangaza mkuu mpya. Alinitazama aliposema hivyo. Au alitazama saa iliyo nyuma yangu. Nadhani mimi.

Nikampa mke wangu habari. Ramila akasema, "Baba Hetal, taa ya chooni imekufa tangu kabla ya sikukuu ya Navratri. Si uanze na hiyo?" Haoni mbali, Ramila.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefungua taa ya kwanza. Mambo yaliyomo humo! Kuna choki, kipande cha chuma kizito kuliko nilivyodhani, na kumbe ndicho kinachonguruma. Kuna stata, kikopo kidogo cha kuwashia. Mrija mpya hauvihitaji. Nikavitoa vyote, nikaunganisha waya moja kwa moja kama karatasi ya maelekezo ilivyosema. Karatasi ilisema pia kwamba mrija huu unapokea umeme ncha moja tu. Haikusema ncha ipi. (Ilisema, upande wa nyuma. Nimeuona sasa hivi.)

Nikauweka kinyume. Pah! Swichi kuu ikakatika. Ghorofa ya chini magurudumu ya kung'arishia yakanyamaza yote, wang'arishaji arobaini wakatoka nje kutafuna tumbaku na kunishukuru kwa kelele. Kanubhai akakunja karatasi yake ya almasi pole pole, akasema, "Bhupatbhai, umetuletea Diwali mapema. Ila ya giza." Wakacheka wote. Hata Odhavbapa!

Baadaye nikautia kila mrija doa jekundu la unga wa kumkum kwenye ncha ya umeme, nisikosee tena. Ikalala sakafuni mstari mmoja, imepambwa kama mabibi harusi. Nimeitazama kwa muda mrefu.

Jumatano, 8 Oktoba

Yote imo darini! Sheth akachoma ubani, akapasua nazi mlangoni, akanipa mimi heshima ya kuwasha. Ikawaka papo hapo, bila kupepesa. Na kimya! Odhavbapa peke yake ndiye aliyenung'unika, eti bila ile ngurumo hapati usingizi wake wa baada ya kula. Mnunuzi wa vyuma chakavu amebeba ya zamani yote. Umebaki mrija mmoja tu wa zamani, wa ngazini, kwa sababu ngazi yangu ya kupandia haikai sawa pale.

Odhavbapa alipokwenda kunawa, nilikikalia kiti chake kidogo. Kinakifaa kiuno changu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ajabu. Kuna pakiti ambayo mimi na Kanubhai tuliipanga Jumamosi, tukaiandika nyeupe. Leo nimeifungua, mawe yana umanjano. Kidogo, lakini upo. Almasi haichujuki kama kanga! Basi zimebadilishwa. Na mwenye funguo ni nani, zaidi yangu mimi? Kanubhai.

Nimemchunga kutwa. Alikula chapati zake za thepla tano, akaacha moja kwenye karatasi, akaenda kunawa. Nikaifunua ile chapati, nikaikagua kwa lenzi. Ufuta. Majani ya uwatu. Akanikuta. Akasema, "Kama una njaa si useme, ndugu yangu?" Akanipa. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimezipima. Uzito uleule, hadi tarakimu ya mwisho. Hakuna aliyeiba. Afadhali sikufungua mdomo!

Basi ni macho yangu. Saa nne nikaenda kwa daktari. Akasema macho ni ya kijana, na kwamba vitu vingine vya kichwani yeye hapimi.

Mchana nilikuwa nampelekea Sheth pakiti ileile juu. Ngazini, chini ya ule mrija wa zamani, nikachungulia. Nyeupe! Nikarudi chumbani: manjano. Ngazini: nyeupe. Chumbani: manjano. Nimepanda na kushuka mara kumi na nne. Mlinzi akaniuliza kama ni tumbo.

Nikamwuliza Odhavbapa. Akalichukua jiwe moja, akaliweka chini ya kile kitaa cha mhasibu cha kukagulia noti bandia, akalifunika kwa viganja, akaniita nichungulie. Lilikuwa la buluu! Linawaka kama moto wa jiko la gesi! Akanieleza kwamba yako mawe yanayokunywa mwali usioonekana na kutoa ubuluu, na ubuluu huo hufunika umanjano. Mrija wa zamani unao mwali huo. Hizi taa zangu hazina. Habari hizi niliwahi kuzisikia, kama mtu anavyosikia habari za mwezini. Leo nimeona kwa macho yangu. Nilifurahi mno, nikatamani kumkumbatia mtu.

Akasema nisiguse lebo yoyote kabla ya kuyapeleka mawe kwenye mwanga wa mchana. Nilimsikia, lakini nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwambia Sheth ukweli wote. Kwamba mirija ya zamani ilikuwa mwongo mkubwa. Imekuwa ikiyapaka mawe yetu poda miaka yote hii, na taa zangu ndizo zimeyaosha uso. Nikamwambia mnunuzi wa Mumbai akigundua tunauza manjano kwa jina la nyeupe, tutaaibika mji mzima. Sheth ni mtu anayeogopa aibu kuliko hasara. Alizungusha pete yake, akasema basi tupange upya.

Nimeshusha daraja pakiti thelathini na moja! Shingo inaniuma. Kanubhai amekataa kuzigusa zake nne. Amesema mtoto hapewi jina jipya kwa sababu umebadilisha taa ya chumbani. Mshamba. Nimemhurumia, kweli.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeandika hotuba fupi ya shukrani. Nimeagiza penda, halua ya maziwa, kilo mbili, za kuwalisha wenzangu kesho. Ramila ameuliza penda za nini. Nimemwambia angoje.

Jumanne, 14 Oktoba

Mnunuzi, Paragbhai Jhaveri, ni mtu mdogo mwenye lenzi kubwa. Akafungua pakiti ya kwanza chini ya taa zangu, akasoma lebo, akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka! Akaenda nayo kwenye dirisha la kaskazini, akavuta pazia ambalo sisi hulifunga mwaka mzima kwa sababu ya joto na vumbi. Akatazama. Akatazama tena. Akaomba ya pili.

Hapa kwetu mnunuzi wa kweli akitajiwa bei hushika kichwa. Huwalilia wanawe wanaoenda kulala njaa. Husimama kama anayeondoka, mara mbili au tatu. Huyu alifungua pakiti zote thelathini na moja bila kuguna. Akasema, "Nachukua zote." Kwa bei ya kwanza! Nikaona Odhavbapa anafumba macho. Sheth alikuwa ameshasema sawa, na katika kazi hii neno likitoka halirudi, hata likikuchoma.

Zikaja nne za Kanubhai. Paragbhai akashika kichwa. Akawataja wanawe mmoja mmoja. Akasimama, akavaa kiatu kimoja. Hapo Sheth akapumua.

Kumbe jua nalo lina ule mwali. Dirishani mawe yalikuwa meupe, kama tulivyoyaandika tangu mwanzo. Nimeuza nyeupe kwa bei ya manjano, na lebo nimeziandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Sheth hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliingia saa kumi na moja, akasema mkuu mpya ni Kanubhai, akatoka. Wenzangu wakazila penda zangu kwa kumpongeza yeye. Kanubhai akanishika mkono, akasema atanihitaji, Bhupatbhai, nisiende popote. Sauti yake haikuwa na kejeli. Nililia kidogo, nikageukia ukuta. Kile kiti nimekitamani tangu nikiwa na nywele.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimetafakari kwa utulivu. Sheth ameniamuru nisiguse tena waya wowote maishani mwangu. Sawa. Mimi ni mtu wa kutii.

Lakini hebu tuwe wakweli. Taa zangu zilikosea nini? Chini yake Paragbhai alisoma lebo, akatazama jiwe, akaitikia kwa kichwa! Mambo yaliharibika alipofika kwenye dirisha. Chumba kimoja hakiwezi kuwa na mianga miwili, kila mmoja na maoni yake.

Nimelipima. Dirisha si kubwa. Kanubhai ameniuliza kutoka kwenye kiti chake napima nini, nikamwambia vumbi. Sheth alikataza waya. Kuhusu matofali hakusema neno. Themanini yatatosha, na saruji mfuko mmoja. Kesho asubuhi, kabla hawajaja, nitakuwa nimeshaliziba.