Kurumbiza wa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 2 Juni
Kuna ndege kichakani, nyuma ya jiko. Anaimba tangu alfajiri. Barazani kwa kinyozi nikatangaza kuwa ni shore. Shemeji yangu, mwalimu mstaafu, akasema ni kurumbiza, na kwamba masikio yangu kazi yake ni kushikilia miwani tu. Wazee wakacheka. Nikapandwa na mori, tukawekeana dau: atakayeshinda anakalia kiti chenye egemeo pale barazani, atakayeshindwa anakalia kreti la soda. Kiti ni changu tangu nistaafu ufundi cherehani. Mgongo wangu nao haujui kreti. Kinyozi atakuja Jumamosi kusikiliza na kuamua.

Jumanne
Nimemsikiliza vizuri. Shore husema kifupi akanyamaza. Huyu anapanda, anashuka, anarudia, kama shangazi anayesimulia ugomvi wa watu. Nikamuuliza mke wangu. Akasema hata mtoto mchanga anajua huyo ni kurumbiza. Bila shaka. Ni kaka yake yule.
Basi shore nitakuwa mimi. Jumamosi najificha nyuma ya tangi la maji, napiga mluzi.

Jumatano
Mazoezi. Meno ya mbele sina, upepo unatoka ovyo. Kila nikimaliza ubeti, kikohozi. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama nimeacha birika motoni.

Ijumaa
Mluzi umekubali. Kikohozi bado, lakini kidogo. Ndege mwenyewe siku hizi hatamki neno. Anakaa tawini, kichwa upande, ananisikiliza mimi. Amekutana na fundi, ameona haya.

Jumamosi
Wamekuja. Nikasema tumbo linanisokota, nikazunguka nyuma ya tangi. Sijalowesha hata midomo, shore akalia kichakani! Safi kabisa. Nikamshukuru Mungu kwa kunitetea mja wake. Nikamsikia kinyozi akisema, haya, mzee kashinda, huyo ni shore.
Kisha ndege akakohoa.
Kikohozi changu. Na ule mkoromo wake wa mwisho. Akarudia ubeti, akakohoa tena.
Shemeji akasema taratibu, kwa sauti ile ya darasani, kwamba hajapata kuona shore mwenye kifua kibovu, ila kurumbiza huiga kila anachokisikia. Sasa tujiulize amekisikia kwa nani. Mke wangu alicheka mpaka akakalia ndoo. Akaniita nitoke, akasema njia ya mwongo ni fupi, hasa ikiishia kwenye tangi. Nikatoka na majani kichwani. Nikasema tumbo limepona.

Jumapili
Kreti. Limenichora mistari makalioni kama daftari la hesabu. Shemeji kajinyoosha kwenye kiti changu, anashusha pumzi kama bwana harusi. Akaniuliza kwa upole tumbo langu limeamkaje.
Nikamwambia limeamka salama. Mtu mzima hujifunza.
Mara ndege akalia juu ya paa la kinyozi. Shemeji akasema njiwa. Wazee wote wakasema njiwa. Kweli alikuwa njiwa, nilimwona. Nikasema huyo ni bundi, wa mchana. Kinyozi akaniomba, mzee wangu, acha. Kiti sina tena, kwa hiyo nimeweka dau kreti. Nikishindwa nasimama.
Mazoezi naanza kesho. Safari hii kikohozi nitakimeza.