Gemu Lililofuta Ushujaa Wangu

Pongwe, Tanga
14 Novemba 1992

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Barua,

Salaam nyingi zikufikie hapo mezani, na kama unakunywa chai usiiache ipoe kwa ajili yangu. Mimi ni Uweso Kombo. Ukifika Pongwe ukaniulizia, watu watatu watakuonyesha nyumba kwa mpigo. Elimu yangu ni darasa la sita, lakini la sita la zamani.

Naomba gazeti lako liisihi Serikali ipige marufuku gemu la joka. Lilipita mpakani Horohoro ndani ya begi la shemeji yangu Yakoub, pamoja na mashine yake ya kuunga kwenye televisheni. Siku hizi kila kitu ruksa, basi na majoka nayo yamepata ruksa. Humo kuna shujaa mdogo mwenye upanga. Wewe unamwendesha kwa vitufe, anapigana mapangoni, anaongea na watu, mpaka afike kwa joka aliue.

Haraka yangu ni hii. Ijumaa ijayo ukoo wetu unapeleka posa Mwera kwa ajili ya mpwa wangu Ahmada, na msemaji ni mimi. Sasa wazee wanataka kumtuma mdogo wangu Rama. Kisa? Niliahidi mbele yao kuliua joka juzi Alhamisi. Wakaja na mikeka yao kutazama, wakakuta hakuna joka wala shujaa. Rama akasema kwa sauti, "Kaka, ikiwa joka la kwenye kioo limekushinda, baba wa binti utamweza?" Watu wakacheka hadi kahawa ikawapalia. Nataka wasome gazetini kwamba kosa si langu.

Sina chuki, haki yake nitaitoa. Muziki wake mtamu, hata mke wangu Mastura anauimba akitwanga kisamvu. Shujaa anabeba ngao, upinde, ngazi na chupa tano za dawa, na mgongo haumuumi. Na maduka ya humo, Ndugu Mhariri! Sisi tuliopanga foleni ya sabuni tukarudi na kiberiti, leo tumeingia duka ambalo kila unachouliza kipo. Siku ya kwanza nilikaa dukani saa nzima natazama tu.

Malalamiko ni haya:

1. Gemu halina adabu. Shujaa anaingia nyumba za watu, anavunja mitungi, anafungua sanduku, anachukua ngao, na mwenye nyumba anamtakia safari njema! Nimebonyeza vitufe vyote kutafuta cha hodi. Hakipo. Nyumba ya kwanza niliizunguka siku mbili nikingoja kukaribishwa.

2. Gemu ni rongo. Ukifyeka majani yanatoka mawe ya thamani. Mimi nimekata mkonge miaka tisa, kwa kasi ambayo msimamizi alikuwa akiniomba nipumzike mashine zinifikie. Nilichookota ni miiba. Tena shujaa akikanyaga maji ya magotini anakufa. Shujaa gani huyo? Mwaka wa themanini na moja mimi nilitoka Pemba hadi Tanga kwa kuogelea, gunia la karafuu nimelinyanyua kwa mkono mmoja lisilowe.

3. Hili ndilo lenyewe. Nje ya kila pango yupo mzee mwenye ndevu nyeupe. Huyo ndiye anayekuandikia ushujaa wako, ili kesho uanzie ulipoishia. Jumatano nilikuwa nimemaliza mapango yote, umebaki mlango wa joka tu. Mzee akaniuliza, kwa Kiingereza cha upole, kama afute yote tuanze upya. Chini kaweka "Ndiyo" na "Hapana". Sasa mimi ni mtoto wa watu. Mzee wa ndevu nyeupe akuulize jambo, umkatalie usoni? Nikabonyeza Ndiyo, nikijua ataelewa kuwa nimekataa. Kwetu ndiyo ya namna hiyo hata mtoto anaielewa. Akauliza kama nina hakika. Nikabonyeza Ndiyo tena, kwa heshima zaidi. Akafuta. Wiki saba, Ndugu Mhariri!

4. Kwa hiyo Taifa liko hatarini. Siku hizi wageni wenye mvi wanakuja na mikoba kutuuliza kwa upole kama tunakubali kufunga hiki na kuuza kile. Nani ana hakika kwamba huko ofisini hakuna mtu aliyelelewa kama mimi?

Basi gemu lizuiwe pale pale mpakani, au mzee huyo aondolewe awekwe kijana ninayeweza kumkatalia. Na barua itoke kabla ya Ijumaa.

Wasalimie wapiga chapa wote, na msahihishaji, ambaye leo nimempa kazi. Mastura naye anawasalimu.

Ni mimi, niliyelikaribia joka kuliko mtu yeyote wa Pongwe,
Uweso Kombo

N.B. Gundi ya bahasha ikiwa bado mbichi, wameingia wazee watatu wa ukoo. Wamekunywa kahawa, wamenisifu mno. Kisha mkubwa wao, Mzee Massoud, akaniuliza taratibu kama naridhia Rama aseme badala yangu. Nikasema, "Ndiyo, baba." Akauliza tena. Nikasema, "Ndiyo, baba, bila wasiwasi." Wakaomba dua wakaondoka, na Rama sasa hivi anapiga pasi kanzu. Mastura ameniambia kutoka nyuma ya pazia, "Baba Tuhfa, gemu liache, halina kosa." Kwa hiyo barua hii usiichape. Na ukitaka kujua kama nina hakika, nakusihi usiniulize kwa adabu.